Mzee wa Boila na Chumba Kilichofungwa kwa Nje

Mtu aliyenifundisha kuyaogopa makaa alivaa koti la sufu mwaka mzima. Jua la Kampala liwake mpaka mabati yalie, yeye utamkuta kibarazani kwake, vifungo vyote vimefungwa na kitambaa kimezungushwa shingoni. Watu wa uani tulimwita Mzee wa Boila, nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, likanipita. Alikuwa Mkongo wa upande wa mashariki. Kwa nini aliacha kwao sikumwuliza, maana miaka ile ya utawala wa jeshi mtu mwenye adabu hakuuliza maswali ambayo yeye mwenyewe asingependa kuulizwa.

Ua wetu ulikuwa Kisenyi, nyuma ya gereji: vyumba vinane vinatazamana, na katikati bomba moja la maji ambalo siku nyingi lilikohoa tu. Mimi na mama yangu tulikaa chumba cha mwanzo. Ukoo wetu ulifika mjini na biashara kutoka pwani, enzi za mababu, na haukupata akili ya kurudi. Mzee alikaa chumba cha mwisho, peke yake, na hakuwa mtu wa kupendeka haraka. Nasema mapema, kwa sababu nimewasikia watu wakiwasifu wazee wao mpaka unajiuliza kama wazee hao waliwahi kununa hata siku moja. Mzee wa Boila alinuna. Alinuka sigara na sabuni ya kufulia, mdomo wake ulikuwa mchafu, na asubuhi alikuwa kero tupu.

Kero yenyewe ilikuwa hivi. Kukicha, kabla hata chai haijachemka, alipita mlango kwa mlango akigonga kwa kidole kilichokunjwa.

"Muko bote?"

Yaani, mko wote? Hakutaka salamu wala habari za usiku. Alitaka sauti, na kama chumba kina watu watano, sauti moja haikumtosha. Usipojibu aligonga tena, na tena, mpaka ukaamka na hasira zako. Mama yangu alimjibu kwa kelele kutoka kitandani, "Tupo, Mzee! Hatujafa! Tumechoka na wewe tu!" Naye alisema, "Choka tu, mama," akaenda mlango wa pili. Miaka mingi nilidhani ni wazimu mdogo wa mtu aliyekaa peke yake sana.

Kazi yake ilikuwa kuchochea boila katika dobi kubwa iliyofua mashuka ya mahoteli. Miaka ishirini alisimama mbele ya ule moto akisoma mshale wa kipimo, akisikiliza mvuke ukipita mabombani. Joto lile lilimharibu. Alipotoka pale, dunia yote ilikuwa baridi kwake, na ndiyo sababu ya koti. Kinachoshangaza ni kwamba mtu yule aliyetetemeka katikati ya Januari hakuingiza moto chumbani kwake hata mara moja. Mvua ikinyesha siku tatu, sisi wote tumejikunyata ndani na sigiri zetu, yeye alikuwa kibarazani na yake, mgongo ukutani, magoti karibu kuungua, matone yakimrukia usoni. Mama alimcheka. "Mzee, ingia ndani na moto wako, utapata nimonia."

"Nimonia iko na dawa," alijibu.

Sigiri ni jiko letu dogo la makaa, na kwa mtu wa vyumba vile lilikuwa kila kitu. Ndilo lililopika, ndilo lililotupa makaa ya pasi, ndilo lililotoa kaa la kuchomea ubani siku ya Ijumaa, na baada ya mvua ndilo lililotupasha joto. Miaka ile lilikuwa na sababu nyingine ya kuingizwa ndani. Harufu ya nyama ikitoka nje, mtu angeweza kuuliza umeipata wapi, na mwenye kuuliza angeweza kuwa na bunduki. Kwa hiyo watu walipikia chumbani, dirisha limefungwa, na nguo imesukumwa chini ya mlango. Mzee alituona tukifanya hivyo na alipandwa na hasira mpaka mate yakamruka.

"Munaogopa askari," alisema, "munajifungia na muuaji!"

Mafundisho yake yalikuwa machache na aliyarudia mpaka yakatutoka puani. Watu walidhani moshi ndio mbaya, kwa hiyo waliliwasha jiko nje, wakapepea, moshi ukaisha, makaa yakawa mekundu safi, ndipo wakaingiza ndani wakiwa na amani. Yeye alisema hapo ndipo wanapokosea.

"Makala yenye moshi itakufukuza," alituambia, kwa maana kwao makaa ni makala. "Utakohoa, utatukana, utatoka. Ile nyekundu haina moshi, haina harufu kubwa. Inakaa na wewe vizuri. Unaona usingizi, unasema nimechoka. Njo ile inaua."

Kichwa kikianza kukubana uko ndani na moto, alisema, usitafute aspirini, tafuta mlango. Miguu ikilegea, tambaa. Ukijisikia nafuu ukiwa nje, kaa huko huko nje, usirudi kufuata kanga. Na ukimkuta mtu amezirai chumbani, fungua wazi, mtoe yeye kwanza, jiko baadaye.

Hilo la mwisho alitufanyisha mazoezi. Jumapili moja alitoka kanisani na koti lake, akatukusanya uani, akamwambia mama yangu alale chini ajifanye amezirai. Mama akasema halali sakafuni kwa ajili ya mchezo wa mtu yeyote. Ikabidi uletwe mkeka. Kisha akataka mto. Alipokwisha kuzirai kwa raha zake, Mzee aliniita mimi nimwokoe. Nikakimbia ndani, na kwa kuwa nimelelewa kuogopa nyumba kuungua, nikashika sigiri kwanza, nikatoka nayo mbio.

"Ah! Binti!" alipiga kelele. "Unaokoa makala? Mama yako anakufa, wewe unaokoa makala?"

Uani kote walicheka. Mama, macho yamefumba, akasema, "Mwacheni, najua ananipenda." Nilinuna wiki nzima, lakini lile neno lilinikaa.

Aliwahi kututia hasara ambayo Mama hakuisahau. Mafuta ya taa yalikuwa adimu kama sukari na sabuni, na Mama alikuwa ameyapata kwa shida, chupa nzima, kwa mtu wa magendo. Mzee aliomba kuinusa. Alinusa, akazungusha kidole mdomoni mwa chupa, akakisugua na kidole gumba, kisha bila kusema neno akaimwaga yote kwenye mtaro. Mama alimrukia. Nakumbuka alimshika kola ya koti. Yeye alimsogeza pole pole, akatusukuma sote nyuma, akatupa njiti ya kiberiti kutoka mbali. Moto ulipanda hadi dari la kibaraza kwa kishindo. Mle chupani mlikuwa na petroli zaidi ya mafuta ya taa. Tungewasha taa ile, mezani, sisi wawili tumeizunguka.

Mama aliachia kola. "Ungesema tu," alimwambia.

"Nilisema mwezi ulipita. Hukusikia."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, mtu wa kuwa sahihi kwa namna inayoudhi. Na bado alikuwa na lake. Mtu huyu aliyetuhubiria moto asubuhi hadi jioni alivuta sigara akiwa kitandani. Blanketi lake lilikuwa na matundu manne. Ukimwambia, alisema sigara anaishika yeye mwenyewe, kwa hiyo anajua iko wapi. Mama alisema huo ndio ushahidi kwamba wanaume wote ni wamoja, Wakongo kwa Waswahili.

Watu walimdhania jasiri kwa sababu ya jinsi alivyoiacha kazi. Wenye dobi walipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wengine, afisa mmoja alipewa ile mali. Afisa hakujua boila ni nini. Alitaka nguo zitoke haraka, akaamuru vali ya kupunguza mvuke ifungwe kwa waya ili nguvu isipotee. Mzee alikataa. Afisa akamchapa kofi mbele ya wafanyakazi. Mzee akainama, akafungua mvuke wote ukatoka, akachukua koti lake msumarini, akaenda zake nyumbani kwa miguu. Mjini mtu alikuwa anapotea kwa kosa dogo kuliko hilo. Tulimwuliza alipata wapi moyo.

"Moyo gani?" alisema. "Niliogopa. Niliogopa boila kupita afisa. Afisa siku ingine anaweza kusamehe."

Nililiamini jibu hilo. Baadaye nilikuja kujua kwamba alimwogopa afisa pia, na sana, ila siku ile woga mmoja ulikuwa mkubwa kuliko mwingine.

Nilipopata mimba nilikuwa nimekwisha olewa, na mume wangu alikuwa dereva wa lori. Kizuizi kilimkuta upande wa Kenya, mpaka ukafungwa, akakwama huko. Mtoto wa kwanza kwetu huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti, kwa hiyo nilirudi kwenye chumba kile kile cha mwanzo. Nilijifungua msichana. Na mzazi kwetu hukaa siku arobaini akioteshwa moto. Anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wenye pilipili manga, na sigiri yenye makaa mazuri huwekwa mvunguni mwa kitanda, joto limpande mgongoni likaushe mwili. Bibi yangu alioteshwa, mama yangu alioteshwa. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyeona hatari hapo, kwa sababu nyumba za zamani zilikuwa na nafasi kubwa kati ya ukuta na paa, upepo ukipita. Chumba chetu kilikuwa na dari la mbao na dirisha moja.

Mzee alipoona sigiri ikiingia mvunguni, nilidhani ataanguka. Yeye na Mama waligombana siku mbili, yeye mlangoni, Mama ndani, mimi na mtoto katikati tukisikiliza.

"Mama, utamupika mtoto yako!"

"Mzee, wewe umezaa mara ngapi?"

Mwisho walipatana. Moto ungeingia asubuhi tu, mlango na dirisha vikiwa wazi, Mama akikaa pale pale. Mlango ukifungwa, lazima sigiri iwe nje kwenye ngazi, ambapo yeye anaweza kuiona akiwa kibarazani kwake. Mama alilishika neno lake. Wiki mbili na nusu kila nilipofunga mlango nilimwona Mzee kule akinyoosha shingo aone sigiri iko wapi, kisha anarudi kwenye sigara yake.

Kisha ukaja msako. Ilikuwa asubuhi ya mvua, kama saa nne. Malori yalifunga njia zote mbili, na habari ikapita ukuta kwa ukuta: wanaingia vyumbani, wanatafuta bidhaa za magendo, na wanachukua wanawake. Siku hizo tulikuwa na njia yetu ya kujificha. Jirani anakufungia kufuli kwa nje, anakaa na ufunguo, askari akifika anaona nyumba ya watu waliosafiri. Mzee alikuwa mfungaji wetu. Nani angemshuku mzee mwenye koti na kikohozi?

Alikuja mbio na kufuli. Sigiri ilikuwa mvunguni, nyekundu kabisa. Na hapa ndipo mapatano yao yalipovunjika, kwa sababu sigiri yenye moto ikiachwa ngazini ingemwambia askari yeyote kwamba ndani mna watu. Ilitakiwa kumwagiwa maji ndani ya beseni, basi. Mama alikwisha inama kuivuta. Mimi nilikuwa natetemeka meno yakigongana, mvua imeingia mifupani, na nilimshika mkono.

"Usiitoe, Mama," nilimnong'oneza. "Nakufa na baridi."

Mzee aliuliza pale mlangoni, "Sigiri iko wapi?"

Mama aliniangalia. Kisha akasema, "Nimeizima, Mzee. Funga upesi."

Akafunga. Nilisikia kufuli likilia, na miguu yake ikienda. Mama alitwaa nguo za mtoto akaziba kila ufa wa dirisha na wa mlango, sauti isitoke. Alifanya kazi nzuri sana.

Watu wameniuliza ilikuwaje mle ndani, wanatarajia niseme nilipigania roho. Sikupigania kitu. Kichwa kilianza kubana, nikajua kabisa ni nini, maneno yote ya Mzee yalikuwa pale kichwani yamepangwa. Nilitaka kumwambia Mama. Niliona tu hakuna haraka. Joto lilikuwa zuri. Mtoto alikuwa amelala kwa utulivu ambao hajawahi kulala tangu azaliwe, na nilifurahi kwa ajili yake. Mama alikuwa amekaa chini karibu na mlango akisoma dua, nikamwona anainama pole pole, nikafikiri anasujudu. Jambo linaloniogopesha mpaka leo ni kwamba sikuogopa.

Yaliyotokea nje nilisimuliwa na jirani wa chumba cha tatu, aliyekuwa akichungulia tunduni. Askari walifika mlangoni kwetu. Mmoja, mwenye cheo, alimwita Mzee.

"Wewe mzee! Hapa nani nakaa?"

"Benyewe balisafiri, afande. Mwezi sasa."

Afande alitikisa kufuli, akapita. Mzee alirudi kukaa kibarazani na sigara yake. Jirani anasema alikaa kidogo, kisha akasimama, akaitupa sigara, akauvuka ua wote katikati ya mvua na ufunguo mkononi, akamfuata afande mwenyewe.

"Afande, nilidanganya," alisema. "Iko mzazi ndani, na mtoto mudogo. Makala itawaua. Nisaidie kutoa batu."

Alifungua. Askari mmoja kijana aliingia naye, akaona moto mvunguni, akainama kuuvuta. Na hapo, mbele ya bunduki zote zile, Mzee alimpiga kijana kofi mkononi.

"Mtu kwanza! Sigiri baadaye!"

Kijana akatii. Jirani anasema hilo ndilo lililomshangaza kuliko yote. Walimtoa Mama kwa kumburuta kwa mabega, kisha mimi, na wa mwisho yule askari alitoka amemshika mtoto mikono miwili mbele yake, hajui amfanyeje. Nilifumbua macho mvua ikinipiga usoni. Niliona paa. Niliona mtoto kifuani pangu, amelegea, rangi yake siyo. Na nilisikia afande akisema, "Wewe nadanganya serikali." Walimshika Mzee kwapa na kwapa. Hakubishana. Alikuwa amegeuza shingo anamwangalia mtoto, wanamvuta anageuka tena, wanamvuta, mpaka wakampandisha lorini. Injini ikawashwa.

Lori lilipokuwa linakata kona ya gereji, mwanangu alilia.

Mama alipata nafuu siku ya tatu. Mtoto alinyonya jioni ile ile. Mzee hakurudi. Tulimngoja wiki, mwezi, mwaka, kisha tukaacha kumtaja, na katika Kampala ya wakati ule kuacha kumtaja mtu kulikuwa ndiyo matanga yake. Chumba chake kilipangishwa. Mama alisema mpaka alipoingia kaburini kwamba alikuwa karibu kuizima ile sigiri, ila muda haukumtosha. Mimi nilimwacha aseme. Aliibeba aibu yangu akaifanya yake, nami nikamwachia, binti mtu mzima. Nilimdanganya mtu kupitia mdomo wa mama yangu kwa ajili ya joto la saa moja, na mtu huyo akachukuliwa. Mara nyingi nilikuwa nikiosha vyombo nikalikumbuka, nikasimama na sufuria mkononi.

Vita vilikuja, serikali ile ikaondoka, mume wangu akarudi, tukahama. Binti yangu alikuwa na miaka tisa siku mama mmoja Mkongo aliyekuwa akiniuzia vitenge aliponisimulia, kwa kucheka, habari za mzee mmoja wa kwao huko Kyebando, ukingoni mwa Kampala. Anakaa karibu na wauza makaa, alisema, na kila anayenunua gunia anaulizwa chumba chake kina madirisha mangapi. Wauzaji wanataka kumpiga, anawafukuzia wateja.

Niliacha vitenge pale pale mezani.

Nilikwenda na binti yangu. Barabarani nilikuwa napanga maneno, na kila nilipoyapanga yalikuwa yananitetea, nikayafuta. Tulipofika kwenye maduka ya Kyebando nilimnunulia kipande cha muwa, nikamwambia anisubiri kwenye benchi la fundi cherehani, maana sikutaka asikie mama yake ni mtu wa namna gani. Mzee alikuwa kwenye gogo, kando ya magunia. Koti lilikuwa jingine. Mkono wa kushoto haukunyooka tena, na alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alinijua kabla sijafungua mdomo. Nilimwona akinijua, na nilimwona akitaka kuondoka.

Nilipiga magoti kwenye vumbi la makaa. "Shikamoo, Mzee. Tulijua umekufa."

"Hapana," alisema. "Walichoka na mimi, wakaniacha." Hilo sikulichimba.

"Mzee, siku ile sigiri haikuzimwa. Mama alikudanganya kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Nilikuwa na baridi. Ni mimi niliyekupeleka kwenye lile lori."

Mteja alikuja, akabeba gunia, akaondoka bila kuulizwa madirisha.

"Nilijua," alisema mwisho. "Nilisikia harufu ya makala wakati nafunga. Askari walikuwa karibu, niliogopa, nikafunga. Nikasema, dakika mbili tu. Halafu nilikaa. Nilivuta sigara, binti. Nilitaka wapite kabisa kwanza. Nilivuta hata nusu yake." Alitazama ule mkono wake mbovu. "Nilipotoka kule nilikuja Kisenyi mara mbili. Nilifika kwa kona ya gereji, nikarudi. Nitakuambia nini? Nilimuona ile siku, kwa mikono ya askari. Niliona vile yuko."

Nilitaka kusema kitu, akaniinulia kiganja.

"Mulimuzika wapi?"

Sikumwelewa. Naapa sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Miaka tisa nilikuwa nimeomboleza mtu aliye hai, naye alikuwa akimwomboleza mtoto aliyekuwa shuleni akijifunza kusoma, na kati yetu palikuwa na mwendo wa miguu wa saa moja na nusu. Niligeuka nikaita kwa sauti ambayo sikuijua. Binti yangu akaja kwa kujivuta, amenuna kwa sababu nimemkatiza, shavu limejaa muwa.

"Msalimie babu."

"Shikamoo, babu."

Mzee alimtazama kuanzia miguuni, pole pole, mpaka usoni.

"Huyu?"

"Huyu huyu, Mzee."

"Alilia?"

"Alilia. Lori lilikuwa halijamaliza hata kona."

"Injini," alisema Mzee wa Boila. "Injini ilikuwa na kelele mingi. Nilisikiliza. Nilisikiliza sana, sikusikia."

Binti yangu alitema muwa kando, akaniuliza kwa Kiganda babu analia nini. Nilimwambia amshike mkono, akamshika, vidole vyake vikinata kwa utomvu wa muwa, na Mzee hakuuachia mkono ule mpaka tulipoaga.